Chambéry, Hautecombe au Turin: Mlango Upi wa Kuingilia Historia ya Savoie?

Savoie ni nchi ya milima iliyo kusini mwa Ziwa Geneva, kwenye mpaka wa Ufaransa na Italia. Leo imo ndani ya Ufaransa, lakini kwa takriban miaka 800, ukiacha vipindi ilipokaliwa na majeshi ya Ufaransa, ilikuwa chini ya ukoo mmoja ulioanza kwa kulinda vipito vya Alps na ukaishia kuvaa taji la Italia. Anayetaka kuifahamu historia hiyo hukwama mapema. Vitabu vya Kifaransa mara nyingi huifunga mwaka 1860, Savoie ilipokabidhiwa kwa Ufaransa, na vya Kiitaliano huuchukua ukoo pale ulipokwisha kuhamia Turin, kana kwamba karne tano za mwanzo zilikuwa utangulizi tu. Msomaji hubaki na vipande viwili visivyoungana, na akitaka kusafiri, kuchagua mada ya utafiti au kuamua tu aanze kusoma nini, hajui ashike upande upi.

Ulinganisho huu unahusu milango mitatu: mji wa Chambéry, uliokuwa makao ya watawala hadi 1563, abasia ya Hautecombe, kando ya ziwa Bourget, walikozikwa wengi wao, na jiji la Turin, lililochukua nafasi ya Chambéry na baadaye likawa mji mkuu wa kwanza wa Italia iliyoungana. Haifai kuichukulia kama njia tatu za kufika mahali pamoja. Anayeanzia Chambéry huiona historia hii kama habari ya nchi ya milima, anayeanzia Hautecombe huiona kama habari ya familia, na anayeanzia Turin huiona kama habari ya dola. Kwa maoni yangu, hilo ndilo la kuamua kwanza, kabla ya nauli na ratiba.

Vigezo nilivyotumia ni vitano: enzi ambayo kila mahali panaisimulia vizuri, mabaki yanayoonekana kwa macho, nyaraka na lugha inayohitajika kuzisoma, nafasi waliyopewa watu wa kawaida, na urahisi wa safari. Majina ya watawala nimeyaandika kwa Kifaransa hadi Emmanuel-Philibert na kwa Kiitaliano baada yake, lakini msomaji asishangae kukuta kitabu kimoja kikimtaja Amédée na kingine Amedeo, kwani ni mtu yuleyule.

Enzi inayosimuliwa

Mwanzo wa ukoo ni Humbert, aliyepewa lakabu ya Mwenye Mikono Myeupe, bwana wa mabonde aliyemuunga mkono Kaisari Conrad II baada ya mfalme wa Burgundy kufariki bila mtoto mwaka 1032. Alipata ardhi na cheo cha konti, yaani mwinyi mkubwa aliyetawala kwa jina la kaisari, katika bonde la Maurienne na sehemu za jirani. Mwanawe Odon alimwoa Adelaide, mrithi wa Susa na Turin, na kwa ndoa hiyo ukoo ukashika pande zote mbili za kipito cha Mont Cenis. Ndoa hiyo ndiyo inayoeleza karibu yote yaliyofuata. Mfanyabiashara aliyetoka Italia kwenda kwenye magulio ya Champagne, jimbo la Ufaransa, hujaji wa Roma na mfalme mwenye jeshi, wote walihitaji kipito, na mwenye kipito alikuwa mmoja. Hata Henry IV, mfalme wa Ujerumani, alipokuwa akienda Canossa, ngome ya Italia, katika majira ya baridi ya mwaka 1077 kumwangukia Papa, alilazimika kwanza kupatana na Adelaide, ambaye alikuwa mama mkwe wake, na kumwachia ardhi ili aruhusiwe kupita.

Enzi hii ya vipito ndiyo inayosimuliwa vyema na Chambéry. Thomas I aliununua mji mwaka 1232, na Amédée V akainunua ngome yake mwaka 1295. Kutoka hapo Amédée VI, aliyeitwa Konti wa Kijani, alitawala kuanzia 1343 hadi 1383 na kuongoza msafara wa kijeshi ulioteka Gallipoli, katika Uturuki ya leo, mwaka 1366. Mwaka 1388 watu wa Nice walijiweka chini ya Savoie, na milima ikapata njia ya kufika baharini. Kilele kilikuwa Amédée VIII, ambaye Sigismund, mfalme wa Ujerumani, alimpandisha kuwa duki mwaka 1416 huko huko Chambéry. Mtawala huyo alitoa mkusanyo wa sheria mwaka 1430, akajitenga katika makazi ya Ripaille kama mtawa, kisha Mtaguso wa Basel ukamchagua mwaka 1439 kuwa Papa wa kumpinga Papa wa Roma. Aliitwa Felix V hadi alipojiuzulu mwaka 1449. Si rahisi kumpata mtawala mwingine wa Ulaya aliyepitia ngazi hizo zote katika maisha mamoja, na bado nje ya Savoie hatajwi sana.

Turin huanza pale Chambéry inapoishia. Mwaka 1536 majeshi ya Ufaransa yaliingia Savoie kwa wepesi, na ukoo ukakosa nchi kwa zaidi ya miaka 20. Duki Emmanuel-Philibert aliirudisha kwa kupigana upande wa Hispania: aliwashinda Wafaransa Saint-Quentin mwaka 1557, na mkataba wa Cateau-Cambrésis wa 1559 ukamrejeshea sehemu kubwa ya milki yake. Alikuwa amejifunza kwamba Chambéry ilikuwa karibu mno na Ufaransa, kwa hiyo mwaka 1563 alihamishia makao Turin, ng'ambo ya milima. Baada ya hapo habari ni za dola inayopanda: kuzingirwa kwa Turin mwaka 1706, taji la Sicilia kwa mkataba wa Utrecht mwaka 1713, Sicilia kubadilishwa kwa Sardinia mwaka 1720, katiba ya mfalme Carlo Alberto ya tarehe 4 Machi 1848, na hatimaye Vittorio Emanuele II kutangazwa mfalme wa Italia tarehe 17 Machi 1861.

Hautecombe haina enzi moja. Ilianzishwa na watawa wa shirika la Cîteaux katika karne ya 12, na maziko ya ukoo yaliyoanza karne hiyo hiyo yaliendelea, kwa kukatika, hadi 1983, alipozikwa Umberto II, mfalme wa mwisho wa Italia. Mkewe Marie José alizikwa hapo mwaka 2001. Hapo utapata mwanzo na mwisho, lakini katikati pana pengo kubwa, kwa kuwa wafalme wengi wa Sardinia wamezikwa Superga, juu ya kilima cha Turin, na wafalme wawili wa kwanza wa Italia wamo katika Pantheon ya Roma.

Mabaki yanayoonekana

Kwa wingi na fahari, Turin haina mshindani. Makasri ya ukoo, yaliyomo mjini na yanayouzunguka mji, yaliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1997. Humo mna Kasri la Kifalme. Palazzo Madama, ambamo lango la Kirumi, ngome ya zama za kati na uso wa mbele uliobuniwa na Filippo Juvarra vimeunganishwa kuwa jengo moja. Kasri la Venaria Reale. Na Stupinigi, jumba la mapumziko ya wawindaji. Palazzo Carignano, alimozaliwa Vittorio Emanuele II mwaka 1820, limehifadhi ukumbi wa bunge lililokaa kuanzia 1848. Katika kanisa dogo lililobuniwa na msanifu Guarini, lililoungua mwaka 1997 na kufunguliwa tena mwaka 2018, ilikuwa ikitunzwa Sanda ambayo Wakatoliki wengi huiheshimu kuwa ndiyo iliyomfunika Yesu.

Sanda hiyo ni kipimo kizuri cha kutofautisha miji hii miwili. Duki Louis aliipata mwaka 1453. Tangu 1502 iliwekwa katika kanisa dogo la ngome ya Chambéry, ikanusurika moto wa Desemba 1532 ikiwa na alama za kuungua zinazoonekana hadi leo, kisha mwaka 1578 ikapelekwa Turin na haikurudi. Chambéry ni mji ulioachwa na vitu vyake vikachukuliwa. Ngome bado ipo, lakini imo ndani yake ofisi ya mwakilishi wa serikali ya Ufaransa, na mgeni huingia kwa kuongozwa na kwa saa zilizopangwa. Anayetarajia vyumba vya dhahabu atavunjika moyo. Anayependa mitaa myembamba, nyua za ndani za nyumba za maofisa wa zamani na jumba la makumbusho la Savoie lililomo katika konventi ya zamani ya Wafransisko atapata siku nzima yenye maana.

Kuhusu Hautecombe lazima nitoe tahadhari. Kanisa linaloonekana leo si lile la karne ya 12. Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa abasia iliuzwa na kugeuzwa kiwanda cha vyombo vya udongo, makaburi yakaharibiwa, na mfalme Carlo Felice ndiye aliyelijenga upya kanisa kuanzia miaka ya 1820, kwa mapambo mengi mno ya mtindo wa Kigothi uliopendwa wakati huo. Kwa hiyo sanamu za makonti zilizolala juu ya makaburi yao ni picha ya jinsi mfalme wa karne ya 19 alivyotaka wazee wake wakumbukwe. Nadhani hilo haliipunguzii thamani, maana ukoo uliokuwa umefukuzwa na mapinduzi ulihitaji kujithibitisha, na hapa unauona ukifanya hivyo kwa mawe. Miongoni mwa waliozikwa yumo Boniface wa Savoie, askofu mkuu wa Canterbury katika karne ya 13. Cheo hicho alikipata zama ambazo dada yake Béatrice alikuwa na mabinti wanne walioolewa na wanaume waliovaa taji, wakiwemo mfalme wa Ufaransa na mfalme wa Uingereza.

Nyaraka na lugha

Hapa mizani hubadilika. Hifadhi ya nyaraka ya Turin ndiyo iliyobeba kumbukumbu za dola, kwa kuwa zilihama pamoja na watawala. Hata hivyo mkataba wa amani wa 1947 uliitaka Italia ikabidhi kwa Ufaransa nyaraka za kabla ya 1860 zinazohusu maeneo yaliyokabidhiwa mwaka huo, na kwa sababu hiyo Chambéry na Annecy zina hazina kubwa kuliko watu wanavyodhani. Zimo hesabu za wasimamizi wa ngome, zilizoandikwa kwa Kilatini juu ya ngozi tangu karne ya 13, zenye ushuru, faini na gharama za vita. Zimo pia ramani za ardhi zilizoamriwa na mfalme Vittorio Amedeo II mwaka 1728 na kukamilika mwaka 1738. Ramani hizo zilipima kila kipande cha shamba, malisho na msitu katika Savoie yote, na kumwandika mwenye nacho, ili kodi itozwe kwa haki zaidi na msamaha wa kodi wa makabaila uchunguzwe. Sehemu kubwa ya ramani hizo inapatikana kwenye intaneti bila malipo, jambo linalomfaa mwanafunzi aliye Lubumbashi au Bujumbura sawa na aliye Lyon.

Lugha iamue pia. Emmanuel-Philibert aliamuru Kiitaliano kitumike mahakamani Piedmont, jimbo la Turin, badala ya Kilatini, huku Savoie na bonde la Aosta zikibaki na Kifaransa. Msomaji wa Kiswahili kutoka Kongo, Burundi au Rwanda aliyesoma kwa Kifaransa ataweza kutumia hifadhi ya Chambéry mara moja, angalau kwa karne ya 16 na kuendelea. Turin itamtaka Kiitaliano, ingawa barua nyingi za watawala na mabalozi wa karne ya 18 ziliandikwa kwa Kifaransa. Hautecombe si mahali pa utafiti wa nyaraka, na hakuna la kuongeza.

Watu wa kawaida na mpaka

Kigezo hiki ndicho kinachonigusa zaidi, na ndicho ambacho waongozaji wa wageni hukiruka. Chambéry hukiweka wazi kuliko pengine. Kutoka mabonde ya Savoie wanaume na hata watoto waliondoka kila majira ya baridi kwenda Paris na Lyon kufagia mabomba ya moshi na kuchuuza bidhaa, kisha wakarudi kulima. Amri ya Desemba 1771 iliziruhusu jamii za vijijini kujinunua kutoka kwenye kodi za kimwinyi, miaka 18 kabla ya Ufaransa kuzifuta kwa mapinduzi. Halafu ikaja 1860. Cavour, waziri mkuu wa Piedmont, na Napoleon III, kaisari wa Ufaransa, walikuwa wamekubaliana kwamba Ufaransa ingeisaidia Piedmont dhidi ya Austria na kulipwa Savoie na Nice, mkataba ukatiwa saini Turin tarehe 24 Machi, na kura ya maoni ya Aprili ikafuata. Matokeo rasmi ya Savoie yalikuwa kura 130,533 za ndiyo na 235 za hapana. Namba kama hizo zinadai maswali. Kaskazini, karibu na Geneva, wengi walipiga kura ya ndiyo yenye sharti la eneo huru la forodha, kwa sababu soko lao lilikuwa Uswisi. Mpaka ulihamishwa juu ya watu waliokwisha kuuliza mapema watauza wapi jibini yao.

Turin nayo ina watu wake, ila lazima uwatafute. Wavaldo, Wakristo wa mabonde ya magharibi mwa Piedmont waliofuata imani yao tangu zama za kati, waliuawa kwa wingi mwaka 1655 na askari wa duki, na walipata haki za kiraia Februari 1848 tu, wiki chache kabla ya Wayahudi. Mjukuu wa mfalme aliyewaunganisha Waitaliano, Vittorio Emanuele III, ndiye aliyetia saini sheria za ubaguzi dhidi ya Wayahudi mwaka 1938. Anayetembelea makasri bila kubeba habari hizo atatoka na nusu ya ukweli. Hautecombe, kwa asili yake, huwataja wakuu pekee.

Safari

Turin ni jiji kubwa lenye uwanja wa ndege na malazi ya kila bei, nayo makasri ya nje ya mji yanahitaji usafiri na angalau siku mbili au tatu. Chambéry ni ndogo na hutembelewa kwa miguu. Miji hii imeunganishwa na reli inayopita chini ya mlima kati ya Modane na Bardonecchia, katika handaki lililoanza kuchimbwa mwaka 1857 wakati pande zote mbili zilikuwa za mfalme mmoja, na likafunguliwa mwaka 1871 likiwa tayari linavuka mpaka. Ninamshauri mtu yeyote asafiri kwa treni hiyo badala ya ndege. Hautecombe hufikiwa kwa gari au, katika msimu, kwa boti kutoka Aix-les-Bains. Ni nyumba ya sala inayokaliwa na jumuiya ya Kikatoliki, kwa hiyo mavazi na ukimya huzingatiwa.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki

Habari za ukoo huu zimefika pia kwetu, na nyingine kwa maumivu. Mwaka 1906 Luigi Amedeo, duki wa Abruzzi, aliongoza msafara uliofika kileleni Rwenzori, na kilele cha mita 5,109 akakipa jina la Malkia Margherita. Mwaka 1936, baada ya vita vilivyotumia gesi ya sumu dhidi ya Waethiopia, Vittorio Emanuele III alitangazwa kaisari wa Ethiopia. Amedeo, duki wa Aosta, aliyekuwa mwakilishi wake Addis Ababa, alijisalimisha Amba Alagi Mei 1941, akafariki akiwa mfungwa wa vita Nairobi tarehe 3 Machi 1942, na kaburi lake limo katika kanisa la kumbukumbu la Waitaliano Nyeri. Wamisionari wa Consolata wanaofahamika Nyeri na Iringa walianzishwa Turin mwaka 1901. Msomaji aliye Kenya anaweza basi kuanzia Nyeri bila viza, mradi ajue kwamba hapo anakutana na ukoo ukiwa umekwisha kuwa taji la mkoloni, na kwamba milima iliyouzaa iko mbali sana na habari hiyo.

Uchague vipi

Ukitaka kuelewa jinsi nchi ya mpakani inavyoishi, inavyotozwa kodi na inavyokabidhiwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine, au ukiwa mtafiti unayesoma Kifaransa, anzia Chambéry, na kabla ya kusafiri zipitie ramani za 1728–1738 kwenye intaneti, uchague kijiji kimoja na ukifuatilie.

Ukivutiwa na sanaa, majengo, mbinu za kidiplomasia na kuzaliwa kwa Italia, au ukisafiri na familia yenye watoto wanaohitaji mengi ya kutazama, Turin inafaa zaidi. Panda pia Superga, kisha tenga nusu siku kwa ajili ya jumba la makumbusho lililomo Palazzo Carignano.

Hautecombe inamfaa anayefuatilia nasaba, ndoa na urithi, na pia mwenye kutafuta mahali pa sala. Kama mlango wa kwanza ni finyu kwa asiyejua majina, kwani makaburi yatamchanganya. Kama ziara ya pili, baada ya siku moja Chambéry, inaeleweka vizuri mno, na umbali kati yao ni mdogo.

Mwenye wiki nzima na uwezo wa viza ya Schengen, ambayo inatosha kwa nchi zote mbili, aanze Chambéry, apite Hautecombe, avuke kwa treni na kumalizia Turin, kwa kuwa huo ndio mwelekeo ambao ukoo wenyewe uliufuata. Mwenye siku mbili tu asijaribu kuvuka milima. Na asiyeweza kusafiri kabisa aanze na maisha ya Amédée VIII kisha aruke hadi kura ya maoni ya 1860, maana ndani ya matukio hayo mawili atakutana na karibu kila swali ambalo milango hii mitatu inalizusha.